Ukiwa na siku moja tu, usikimbize nyumba za watu

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba nyumba ya kale ukiingia na kutoka ndani ya dakika 10 hujaiona, umeipita tu, na kwamba siku moja ya safari inatosha nyumba tatu au nne basi. Wengine mmenikubali, wengine mmenikasirikia kabisa, mmoja kaniandikia kwamba nauli ya boti analipa yeye sio mimi kwa hiyo ataona nyumba kadiri anavyotaka. Sawa, haki yake. Barua ni nyingi mno mwezi huu, nimechukua tano, na msimamo wangu bado ni ule ule kama mtakavyoona.

*

Dada habari za kazi. Mi naishi Dodoma, mwezi ujao naenda Unguja kwenye harusi ya shoga yangu tuliyesoma naye chuo. Nafika Ijumaa jioni, harusi ni Jumapili, kwa hiyo Jumamosi nzima niko huru na majumba ya kale nayapenda sana tangu niko shule. Nimeandika orodha ya sehemu 11 na bado naongeza. Nisaidie kupanga, nianzie wapi nimalizie wapi? Na je, Beit el Ajaib inaingilika?

Mdogo wangu, hilo la mwisho nalijibu kwanza usije ukaenda na matumaini. Beit el Ajaib ilianguka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, mnara wa saa ukashuka nao, watu wawili wakapoteza maisha, na tangu hapo imekuwa ya mafundi sio ya wageni. Wewe panga kuitazama kwa nje ukiwa bustani ya Forodhani. Sultan Barghash aliijenga 1883 na ndiyo nyumba ya kwanza Unguja kuwaka umeme, watu walikuwa wakisimama nje kushangaa tu ndo maana ikaitwa hivo, nyumba ya maajabu. Hata sasa, na lile pengo lake, ukisimama pale kimya unaelewa kwa nini walishangaa.

Sasa orodha yako. Ikate. Najua inauma lakini 11 ni kukimbia, jioni utakuwa na picha 300 kwenye simu na ukiulizwa choo cha ile nyumba kilikuwa wapi hujui.

Asubuhi usianzie mjini. Wageni wote wanaanzia mjini saa 4 hivi jua likishapamba moto, we saa 1 na nusu uwe umeshakunywa chai uko ndani ya daladala ya Bububu, unashuka Maruhubi. Hapa Barghash alimaliza jumba 1882 kwa ajili ya wanawake wake, 1899 likaungua. Juu kulikuwa kwa mbao, kwa hiyo kilichobaki ni hamamu, yaani nyumba ya kuogea, na zile nguzo nene za mawe zimesimama zenyewe tu, kama zinangoja kutwishwa tena mzigo wao. Nusu saa inatosha. Halafu Mtoni, sio mbali, ni mbele kidogo njia hiyo hiyo, na hapo kaa sana.

Mtoni ndo kongwe kuliko majumba yote ya kifalme Unguja, ni ya Sultan Seyyid Said, ya enzi anaanza kuhamishia makao yake huku kutoka Muscat. Hapo alizaliwa binti yake Sayyida Salme 1844, mama yake suria aliyetoka mbali huko Circassia, na huyo Salme ndo yule aliyetoroka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake. Humo anasimulia Mtoni ikiwa na watu kama 1,000 wanaoishi humo humo, uani wanazurura tausi na paa na mbuni, na baba yake anatembeatembea kwenye baraza la juu lililoangalia bahari. Sasa hivi ni magofu, dari hakuna, bahari iko pale pale. Tafuta kivuli ukae ujaribu kuwasikia hao watu 1,000. Na hili nakuomba usilipite juu juu, sehemu kubwa ya hao 1,000 walikuwa watumwa. Kwenye kibao utasoma jina la sultani, lakini maji ya kuoga watu wote wale yalikuwa na wa kuyateka, na chokaa ya kuta zile ilikuwa na wa kuichoma na wa kuibeba kichwani, majina yao hayakuandikwa popote. Mi kila nikiingia jumba la tajiri wa zamani naanza na swali hilo, nani alikuwa anabeba maji na anapita mlango gani, na nyumba yote inafunguka hapo.

Kutoka hapo panda tena hadi Bububu, chukua bodaboda ikupeleke Kidichi, mwambie akusubiri. Kidichi ni hamamu tu, kijumba cheupe chenye kuba, Seyyid Said alimjengea mke wake wa Kiajemi, Binte Irich Mirza, mjukuu wa Shah, mwaka 1850. Mara ya kwanza nilipoingia nilitoka baada ya dakika mbili, mana niliona giza na kuta zenye ukungu basi. Mlinzi, mzee wa makamo, akaniambia rudi ndani ukae. Nikarudi nikakaa kwenye ukingo wa jiwe. Macho yakaanza kuzoea, ule mwanga mdogo unaoshuka kutoka kwenye kuba ukawa unatosha, na ndo vikaanza kutokea kwenye plasta, kwanza ua moja, nikalifuata shina lake kwa macho, likanipeleka kwenye jani, halafu shingo ya ndege, halafu ndege mzima. Hakuna rangi, yote ni chokaa imechongwa na mafundi wa kazi ya Kiajemi, ndo maana unaona ndege kwenye ukuta kitu ambacho kwenye nyumba za Waarabu wa Unguja hukioni. Ningefuata orodha yangu ya siku ile nisingewaona kabisa hao ndege.

Saa 7 rudi mjini, kula, swali, pumzika. Saa 9 na nusu nenda ile Zahanati ya zamani kule karibu na bandari, ya Tharia Topan. Huyu alikuwa tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe la msingi 1887 kusherehekea Malkia Victoria kutimiza miaka 50 kwenye kiti, akafariki 1891 jengo halijaisha, likamalizwa 1894. Chini dawa, juu akikaa daktari. Miaka ya 90 ilikuwa inaelekea kuanguka, taasisi ya Aga Khan ikaikarabati. Zile roshani zake za mbao zinaonekana kama kitambaa kilichodariziwa, lakini we usiridhike na barabarani, ingia, panda, utazame uani kutokea juu.

Jioni jua likipoa katiza vichochoro mpaka Shangani upite kwenye nyumba ya Tippu Tip, yule Hamed bin Muhammed el Murjebi wa pembe za ndovu na watumwa, alifariki Unguja 1905. Hiyo ya nje tu, tazama mlango wake na zile ngazi. Halafu tafuta hoteli yoyote iliyo kwenye nyumba ya zamani, ziko nyingi, panda mpaka juu paani uagize chai, ndo namna rahisi kuliko zote ya kuingia ndani ya nyumba ya mawe na kuhisi ukuta wake unavyokuwa wa baridi ukiugusa wakati nje watu wanatoka jasho.

Hizo ni nne za kuingia na mbili za kutazama kwa nje. Tano zilizobaki kwenye orodha yako ziweke, shoga yako akizaa utarudi.

*

Da, sisi tulienda na familia mwaka jana. Tulipotoka tu bandarini kijana mmoja akatudaka, akasema nyumba 8 za kihistoria kwa bei poa. Kwa saa 2 tumeingizwa maduka matatu ya viungo na vinyago, na nyumba tumeoneshwa kwa kidole "ile pale, ile pale", hela imeenda. Tulikosea wapi? – Msomaji, Mwanza

Poleni sana jamani, hasa kama mlikuwa na watoto. Hao wenyewe Unguja wanawaita papasi, na wapo wazuri na wapo hao uliokutana nao. Mlikosea pale mliposikia "nyumba 8" mkafurahi. Mtu anayekuuzia kwa idadi atakimbia ili idadi itimie, sasa wewe elewana naye kwa masaa, mwambie nataka saa 3 na nyumba mbili, duka hapana. Omba kuona kitambulisho cha kutembeza wageni, mwenye nacho hakasiriki. Na kabla hujatoa hela muulize kitu kimoja tu: hii nyumba tutaingia mpaka chumba gani? Anayejua atakujibu hapo hapo, tutaishia uani, au tutapanda mpaka juu, au siku hizi imefungwa. Asiyejua ataanza kukutajia nyumba nyingine.

*

Sasa dada, mimi niko Nairobi. Disemba tulienda Lamu na macousin, tukapiga round nyumba za zamani siku mzima, miguu iliuma lakini wacha tu, it was poa sana. Kuna vitu mbili kwa ile nyumba ya makumbusho zimekataa kutoka kwa kichwa yangu. Moja, ukuta umejaa vishimo vishimo vya plasta kutoka chini hadi juu, vya nini? Mbili, kwa bafu kuna tangi ya maji na ndani kuna samaki. Aliyetupeleka alieleza haraka haraka sikushika. Nisaidie.

Umenifurahisha, mana wengi wakitoka Lamu wananiandikia juu ya punda na milango tu, we umeangalia choo, ndo mtu anayetazama nyumba huyo.

Vile vishimo vinaitwa zidaka, kimoja kidaka. Lakini ili uvielewe rudi kwanza mlangoni uingie upya taratibu. Nyumba ya Kiamu ya miaka ya 1700 haikuoneshi kitu kwa mara moja. Unaanza nje kwenye daka, kale kakibanda kenye mabenchi ya mawe ambapo mwenye nyumba anapokelea watu wa kawaida na wengi hawavuki hapo. Ukiingia unakuta tekani, baraza la ndani, na njia inapinda makusudi ili anayepita nje mlango ukiwa wazi asione uani. Halafu kiwanda, ule ua wazi wenye jua. Kutoka kiwandani ndo zinafuatana zile sehemu ndefu nyembamba, msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, na kila ukisogea sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Nyembamba kwa sababu ya boriti, miti ya mikoko inayobeba dari, ikiwa ndefu sana inapinda, kwa hiyo chumba kinakuwa na upana kama wa mita 3 hivi hata ungekuwa tajiri namna gani, utajiri unaongeza urefu tu.

Sasa zidaka ziko huko ndani kabisa, kwenye ukuta wa giza. Chokaa nyeupe imechongwa kwa kisu ikiwa bado mbichi, safu juu ya safu, na humo waliweka sahani na bakuli za Kichina zilizokuja na majahazi, na vitabu, na vitu vya mama. Mwanga kidogo unaotoka kiwandani ukigonga zile kona nyeupe ukuta mzima unang'aa. Kaa pale kwenye kitanda cha kuonyeshea macho yazoee, utaona kile chumba hakina giza kama ulivyodhani ulipoingia. Na kumbuka nani aliruhusiwa kufika pale. Ule uzuri wote haukuwa wa wageni, ulikuwa wa mwanamke na watu wake wa karibu, bibi harusi akikaa hapo. Nyuma yake kuna nyumba kati, chumba kidogo cha uzazi na cha kuoshea maiti. Mtu alizaliwa pale na akafa akaoshwa pale, hatua tatu kutoka kwenye zile sahani. Mi hicho chumba ndo kinanishika zaidi kuliko zidaka zenyewe, na watembezaji wengi wanakipita kwa sababu hakina la kupiga picha.

Samaki ni wa birika, hilo tangi lako la bafuni. Maji ya kutawadhia na kuogea yanakaa mle siku nyingi, mbu watataga, samaki wanakula vile viluwiluwi vya mbu. Na ungeinama zaidi kidogo ungeona chini kabisa ya birika bakuli ya kaure imejengewa kwenye sakafu yake, ile ni ya samaki wenyewe, maji yakipungua mpaka kukaribia kwisha wao wanabaki na maji yao mle kwenye bakuli mpaka birika lijazwe. Fikiria hiyo akili. Fundi aliyewaza samaki watafanya nini siku maji yakiisha.

Next time, kama mnavyosema huko, ukienda Lamu lala nyumba moja ya zamani usiku hata mmoja, ziko zinazopokea wageni. Uone kiwandani nyota.

*

Asalaam aleikum binti yangu. Nasoma safu yako Pangani hapa. Nyumba ya marehemu babu yangu ni ya mawe na chokaa na boriti, ya zamani sana, imeanza kupukutika chini na dari ina unyevu. Fundi anasema tukwangue tupige plasta ya saruji tumalize. Kijana wangu alikuja Mji Mkongwe akaniletea picha za nyumba zilizoanguka, nikapata hofu. Unashauri nini?

Waaleikum salaam baba yangu, shikamoo. Naomba nikuombe, huyo fundi asianze. Msimamishe kwanza hata kwa wiki mbili.

Mi si fundi lakini nimekaa sana na mafundi wa nyumba hizi na wote wananiambia jambo moja. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa inapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanaingia na mvua, halafu yanatoka polepole kupitia chokaa hiyo hiyo, jua likiwaka ukuta unakauka. Ukiifunika kwa saruji umeiziba pua. Nje itakuwa nzuri sana mwaka wa kwanza, majirani watakusifu, kumbe maji yamefungiwa ndani na chumvi yake, yanatafuta pa kwenda, yanapanda juu zaidi mpaka yafikie vichwa vya boriti, na boriti ikianza kuoza kule ndani ya ukuta ambako huioni, dari ndo inakuja. Halafu ile saruji nayo itabanduka kwa mabapa na kuondoka na chokaa ya babu iliyoshikana nayo.

Kwa hiyo anza juu baba, sio chini. Dari ina unyevu maana yake paa au mfereji wa maji unavuja, hapo ndo pesa ya kwanza iende hata kama yote itaishia hapo. Nyumba nyingi sana za Mji Mkongwe zilizoanguka zilianza na paa linalovuja ambalo hakuna aliyepanda kulitazama, familia sita chini na juu hakuna mwenyewe. Pili, kama kuna bomba au choo kimeegemezwa kwenye ukuta, hamisha. Tatu ndo chokaa, na chokaa sio ya kununua leo upake leo, mawe yanachomwa kwenye tanuri la magogo, yanazimwa kwa maji, halafu inalazwa wiki nyingi hadi ilainike, ndo inachanganywa na mchanga. Wazee wanaojua bado wapo Unguja, wapo Lamu, na huko kwenu mwambao wa Tanga hawakosekani ukiulizia kwa wanaojenga misikiti ya zamani. Mamlaka ya Mji Mkongwe pale Unguja ina watu wa kazi hiyo, mtume kijana wako arudi, safari hii asipige picha za zilizoanguka, aombe kuoneshwa nyumba moja inayotengenezwa, akae na mafundi kutwa moja atazame wanavyofanya, ajifunze hata kuchanganya. Siku moja kama hiyo itakusaidia kuliko ushauri wangu wote huu.

Na boriti msipake rangi ya mafuta. Ziacheni.

*

Salaam alaykum dada. Naandika kutoka Muscat, sisi nyumbani Kiswahili ndo lugha yetu. Mama yangu alizaliwa Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa upande wa Malindi, waliondoka yeye ana miaka 9 baada ya Mapinduzi. Hajawahi kurudi. Sasa miguu yake si mizuri na ameniambia kabla Mungu hajamchukua anataka kuingia nyumba ile mara moja tu. Hataki mali, hataki kesi, anataka kuona tu. Nyumba wanakaa watu. Mi naogopa, tutaingiaje nyumba za watu? Na je tukipata siku hiyo tumuoneshe na sehemu nyingine?

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Nakujibu kama ambavyo ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwanza jua mnachokwenda kukikuta. Baada ya Januari 1964 nyumba nyingi za waliokimbia zilichukuliwa na serikali zikapewa familia zilizokuwa hazina pa kukaa, wengine walitoka Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, wengine mashamba. Kwa hiyo nyumba aliyoiacha mama ikiwa ya familia moja inaweza kuwa sasa ina familia tano, ukumbi umekatwa kwa mbao, uani kuna majiko matatu, kisima kimefunikwa. Mwambie mama mapema, sio mlangoni. Na mwambie pia kwamba wanaokaa humo nao wana miaka 60 humo, wameolea humo na kuzikia humo, ile ni nyumba ya utoto wao vilevile kama ilivyo yake. Mama akilijua hilo kabla hajafika ataingia kwa moyo mwingine.

Pili, usiende na mama siku ya kwanza. Nenda wewe peke yako au na dada yako, wanawake wawili, usichukue kaka zako wanne na kamera. Anza kwa sheha wa pale, kiongozi wa mtaa, mweleze kama ulivyonieleza mimi, neno kwa neno, hasa lile la hataki mali hataki kesi, mana hofu ya wenyeji iko hapo tu. Waliishi miaka mingi na wasiwasi kwamba siku moja atatokea mtu na karatasi. Sheha akikupeleka mlangoni piga hodi, na ukiingia ulimi wako ukae mbali na neno "nyumba yetu". Sema "mama yangu alilelewa hapa." Ni tofauti ndogo ukiitamka na kubwa sana kwa anayeisikia. Chukua halua ya huko kwenu, bakuli moja zuri kwa kila mlango wa ndani sio kwa mmoja tu, la sivyo utaacha ugomvi nyuma. Hela usitoe siku hiyo, itaonekana unanunua kitu.

Wakikubali, na mi naamini watakubali, nimeshaona zaidi ya mara moja bibi wa nyumba akimshika mgeni mkono akaanza kumuuliza yeye, hiki chumba kilikuwa cha nani, hapa palikuwa na nini, mana na wao wanataka kujua, wamekaa na ile nyumba miaka yote bila wa kuwasimulia, basi pangeni alasiri, kati ya swala ya alasiri na magharibi, watu wamepumzika na ngazi zina mwanga. Mama aende na mwanga wake pia, tochi ndogo.

Kuhusu sehemu nyingine siku hiyo, hapana. Usimpeleke popote. Asubuhi alale, jioni nyumba ile moja tu. Najua utatamani kumuonesha Forodhani na Mtoni na ile hamamu ya Hamamni aliyoijenga Barghash, hivo viwe siku nyingine, na labda hatavitaka kabisa. Siku ile ni ya nyumba moja.

Na kama mtakuta imeanguka, mana nazo zinaanguka, mlango au baraza mara nyingi hubaki. Mtafutieni kiti akae pale, na waulizeni majirani wa upande wa pili wa kichochoro, kuna wazee wanaokumbuka watoto wa 1964 kwa majina.

Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na za kusimama, wewe unazijua kwa hadithi lakini miguu yake itazijua zenyewe. Ashike ukuta, apande kwa mwendo wake, na wewe kaa nyuma yake sio mbele. Akifika juu akataka kukaa peke yake kidogo, shuka ukamsubiri barazani na wenye nyumba.